Wauzaji, stendi ya gitaa haifai kila chombo

Mhariri,

Asalaam aleikum wewe na wote mlioko afisini. Najua ukurasa wa barua siku hizi umejaa maji ya mfereji, taka na siasa, na hayo yote yana haki ya kuandikwa, lakini leo naomba nami nipewe nafasi nizungumze jambo dogo linalotusumbua sisi wapiga vyombo hapa Mombasa na sijaona mtu akiligusa, nalo ni stendi za kusimamishia vyombo vya nyuzi, udi, mandolini, fidla, gambusi, chochote kile chenye shingo.

Ukiingia duka la vyombo ukasema nataka stendi utatolewa ile ile moja, nyeusi, ya paipu, imekunjwa ndani ya boksi na boksi limefungwa kwa selotepu, na ukiuliza hii inafaa mandolini utaambiwa inafaa kila kitu. Yakhe, haifai kila kitu. Ile imepimwa gitaa. Gitaa kubwa lile la mbao tumbo lake la chini lina upana kama wa sentimita 40, mandolini ni kama 25, fidla ni kama 20, sasa mikono iliyowekwa nafasi ya kubeba sentimita 40 itabebaje 20? Chombo ama kinapenya katikati ama kinakaa upande upande, na muuzaji anajua hivo lakini boksi limeshafungwa na wewe ushalipa.

Tuanze na udi manake ndo chombo chetu, na mji huu ndo alioishi na kupigia udi marehemu Zein l'Abdin, mtoto wa Lamu, mpaka akasikika nje ya nchi, kwa hivo ni aibu kidogo mtu kuzunguka mji mzima akitafuta pa kuuegesha udi asipate. Mgongo wa udi ni duara, umeungwa kwa vibao vyembamba vimekunjwa kwa moto, na kina chake toka usoni mpaka mgongoni kinafika sentimita 18 au hata 20, gitaa haliendi mbali ya 12 hivi. Sasa ukiuweka udi kwa stendi ya gitaa ile mikono ya chini ni mifupi, uso wa udi unatokeza mbele nje ya mikono na uzito wote unakuja mbele, huku nyuma mgongo wa duara unagusa vipande viwili vidogo tu, ukipitiwa na mtoto akausukuma kwa bega unajizungusha wenyewe. Alafu kuna kichwa. Kichwa cha udi kimekunjwa kurudi nyuma karibu kufanya pembe mraba na shingo, na hakijatanuka kushinda shingo kama kichwa cha gitaa, kwa hivo stendi za kuning'iniza zile zinazobana shingo hazina mabega ya kukamata, na zile zenye mgongo mrefu zinagongana na kile kichwa nyuma. Na udi ukianguka chali ni kichwa hicho hicho kinachopiga sakafu kwanza, na pale kimeshikwa kwa gundi tu, ndani ya shingo hamna chuma wala skrubu. Fundi mzuri atakirudishia, sawa, lakini sauti utaijua wewe mwenye udi, na fundi wa udi nao hawako kila mtaa.

Udi kwa hivo unataka stendi fupi, pana, yenye mikono ya chini mirefu na iliyoachana, na kitu kingine cha kuegemea pale shingo inapokutana na tumbo, si juu kichwani. Basi. Ulale nyuma kidogo, si sana, ukilala sana uzito unaenda mgongoni na mbao za mgongo wa udi ni nyembamba, hazikutengenezwa kubebea mzigo.

Mandolini ni hadithi nyingine na watu wanazichanganya. Kuna ile ya asili ya Kitaliano, ya Napoli, yenye mgongo wa duara, hiyo mambo niliyosema ya udi yanaihusu vile vile ila kwa udogo. Na kuna ya mgongo ulio karibu bapa, ambayo fundi Orville Gibson alianza kuichonga kule Kalamazoo, Marekani, mwisho wa karne ya 19, na ndo nyingi zinazouzwa siku hizi hata zile za Kichina za bei rahisi zimeiga hapo. Hii ya mgongo bapa ina sura mbili, moja kama tone la maji, hii haina shida inakaa popote, na ya pili ni ile ya madoido yenye mbao iliyojikunja begani na ncha mbili ubavuni, mfano wa ile F-5 ya kampuni ya Gibson ya mwaka 1922. Mwenye hii ya pili awe macho, manake mkono wa stendi ukiwa pale pale penye ncha basi chombo kizima kinakalia ile ncha, na ncha ni kijipande tu cha mbao, inameguka. Kabla hujalipa kisimamishe uangalie kwa chini kinakaa wapi.

Na kitu watu hawafikirii kuhusu mandolini ni uzito. Chombo chenyewe ni kama kilo moja hivi, lakini kichwani kuna mashine za nyuzi nane, za chuma, kwa hivo juu ni kuzito ukilinganisha na kile kijitumbo chake. Zile stendi ndogo za miguu miwili zinazokunjwa, zinazobeba chini tu na juu hazishiki chochote, kwa gitaa zinaweza kusaidia manake tumbo la gitaa ni zito linajituliza lenyewe, kwa mandolini ukigusa kichwa tu imekwenda. Mimi kwa maoni yangu mandolini isisimamishwe kwa stendi isiyoshika shingo, hata kama ni ya mbao nzuri na imechongwa maua. Za hivo weka sebuleni wakati wewe mwenyewe uko hapo unapiga unapumzika, ukitoka rudisha chombo kwa kesi.

Kwenye kushika shingo nako kuna vipimo. Shingo ya gitaa pale juu kwenye mfupa wa nyuzi, kile kijipande chini ya kichwa nyuzi zinapopita, ni milimita 43 hivi, mandolini ni 28 mpaka 30, fidla ni kama 24. Kwa hivo uma wa gitaa, ile sehemu ya stendi inayoshika shingo, ukiutia mandolini shingo inacheza ndani, na kichwa cha fidla kile cha mviringo ni chembamba, kwa uma mpana kinaweza kupenya chote mpaka fidla ikaja chini mzima mzima. Kuna stendi na hanga za ukutani, kama zile za kampuni ya Hercules, ambazo ukitundika chombo uzito wake wenyewe unashusha uma na mikono inajifunga mbele, ukikinyanyua inafunguka, hizi ni nzuri na kwa nyumba yenye watoto sioni mfano wake, lakini hata hizo nunua ya saizi ya chombo chako. Zile za bei ya chini zina kamba ya raba ya kupitisha mbele ya shingo, inafanya kazi pia, shida ni kwamba kila mtu anasahau kuifunga, na raba kwa joto letu hili inakauka inakatika, wewe ndo utaijua siku ishakatika.

Sasa nije kwa miguu. Miguu mitatu ni bora kuliko minne, hilo nalisema bila wasiwasi, manake nyumba zetu za Mji wa Kale sakafu zake hazijawahi kuwa sawa, na kitu cha miguu mitatu hakichezi hata sakafu iwe imebonyea vipi, cha miguu minne lazima mguu mmoja uwe hewani. Ila miguu mitatu iwe imeachana. Stendi ya miguu mifupi iliyokaribiana ni kama ngalawa iliyotolewa matengo yake ya ubavuni, shwari inakaa, ikija dhoruba kidogo imelala. Na mguu mmoja uelekee kule uzito unakoegemea, si miguu miwili mbele na huko nyuma kutupu, nimeona stendi nyingi zimefunguliwa kinyume na mwenyewe anashangaa kwanini chombo kinataka kuanguka.

Jaribio ni rahisi. Weka chombo, alafu kwa kidole kimoja sukuma kichwa polepole kwenda kushoto, kulia, mbele, nyuma. Kikiinama kidogo kikarudi, hiyo ni sawa. Kikiinama na mguu wa stendi ukanyanyuka, rudisha kwa boksi. Alafu kitoe kwa mkono mmoja, huku stendi hujaishika, kama stendi inanyanyuka nayo au inang'ang'ania chombo hiyo haifai mtu anayepiga mbele za watu, utakuja kuivuta mbele ya bibi harusi. Tena jaribu kwa chombo chako, si cha duka. Kibebe uende nacho. Wako wanaoona haya kuingia dukani na udi begani, sijui haya ya nini, viatu si unajaribu?

Upepo nao. Hapa tuna Kaskazi miezi ya Disemba mpaka Machi na Kusi ikianza Aprili, na madirisha yetu yanafunguliwa mchana kutwa manake bila hivo hakukaliki, na juu kuna feni, na pazia. Pazia ndo adui wa mandolini kuliko hata mtoto. Linafura upepo linaingia nyuma ya nyuzi, linajikamata kwa pegi za kukazia nyuzi, alafu linarudi. Stendi iwekwe pembeni mwa chumba pasipo dirisha, pasipo njia ya kupita kwenda jikoni, na isiwe mbele ya eesii kwa wale wenye nazo, manake hewa ile baridi ni kavu na ukikitoa chombo hapo ukaenda nacho nje kwenye unyevu wetu mbao zinafura, keshokutwa uso umepanda nyuzi zimekuwa mbali na shingo.

Kuna jambo la sponji ambalo nadhani wengi hawalijui na ndo linaharibu vyombo kimya kimya. Stendi hizi zimevishwa sponji nyeusi au raba au plastiki laini pale zinapogusa chombo. Baadhi ya raba na plastiki hizo zina kemikali za kulainisha, na zikikaa zimegusana na vanishi kwa muda kemikali inahama inaingia kwa vanishi, hasa ile laka ya naitroselulosi ya vyombo vya zamani na vya bei, pale mahali panakuwa pananata alafu panabaki na alama nyeusi haitoki. Udi nyingi zimepakwa vanishi ya spiriti, ile ya kusugua kwa kitambaa, na hiyo ni laini, ikipata joto inachukua chapa ya sponji vile vile ilivo na matundu yake. Na sponji yenyewe kwa unyevu wa pwani haikai, baada ya muda inakuwa unga unga mweusi unaganda kwa mgongo wa chombo. Dawa yake ni kitambaa tu. Chukua bafta nyeupe iliyofuliwa, zungushia mikono yote ya stendi, shona au funga kwa uzi, ikichafuka unabadilisha. Kanga mpya usitumie tafadhali, nzuri kwa macho lakini rangi inachuja na hapo ndo utapata udi wa maua.

Kuhusu kutu sina mengi. Paipu ya kromu karibu na bahari haidumu, kutu inaanzia kwa skrubu na kwa ile kabari ya kukazia urefu, na kabari ikishika kutu haikazi, stendi inajishukia yenyewe chombo kikiwa juu. Angalia hapo mara kwa mara, paka mafuta kidogo ya cherehani, ukiweza badilisha skrubu utie zisizoshika kutu, mafundi wa boti wanazo.

Wengine wataniambia tundika ukutani yaishe. Sawa, na ukutani kuna raha yake, watoto hawafiki na sakafu inabaki wazi. Lakini ukuta gani? Nyumba za zamani za Kibokoni na huko zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, ukuta mnene mkono mzima lakini ukitoboa unatoka vumbi, na ile plagi fupi ya plastiki inayokuja na hanga inazunguka ndani haishiki. Utundike leo, kesho asubuhi uamke na kishindo. Kwa kuta hizo fanya hivi, chukua ubao mgumu, mvule ukipata, urefu wa mkono, uupige ukutani kwa skrubu ndefu nne au zaidi zilizoachana, alafu hanga uifunge kwa ubao, si kwa ukuta. Usitundike ukuta wa nje unaopigwa na mvua za Kusi, ule unatoa jasho kwa ndani na mgongo wa chombo utakunywa maji yote hayo, na usitundike panapopigwa na jua la alasiri, manake gundi ya asili iliyotumika kwa udi na fidla ni ile ya ngozi na inalainika kwa joto na unyevu. Na tafadhali si juu ya mto wa kitanda. Hilo sielezi.

Sasa kama dukani hupati, kwa nini tusiende kwa seremala? Kwa kweli hili ndo ningependa lisomwe zaidi. Mafundi wetu wanachonga vitanda na milango ya nakshi, stendi ya udi ni kazi ya asubuhi moja. Vibao viwili vya mwembe au mvule, vichongwe mwanya katikati vipachikane vifanye msalaba, juu kila kibao kichongwe kwa mkunjo wa mgongo wa chombo chako mwenyewe, mpelekee fundi chombo au mchoro wa kadibodi uliokatwa kufuata mgongo, alafu bafta. Ukimaliza unavivua vibao unaviweka bapa ndani ya begi la udi, unaingia nao tuktuk, unavuka nao feri Likoni, haukupi shida. Kwa gambusi vile vile. Wenye kanuni, kile chombo bapa cha nyuzi nyingi, hawamo hapa, kanuni inalala mezani au mapajani, na wenye taishokoto, kile cha nyuzi cha kubonyeza vitufe, pia wamepumzika.

Lakini mahali ambapo stendi inapata mtihani wa kweli si nyumbani, ni harusini. Mwimbaji akishapandisha, akina mama wanakuja kutunza, wanakuja kwa ngoma na maringo, buibui na madera yanafagia chini, na miguu ile mirefu ya stendi niliyoisifu hapo juu imetandaa mbele ya mpigaji inasubiri pindo. Hapa ushauri unageuka. Kwa stegi, stendi ikae nyuma ya kiti cha mpigaji, mguu mmoja chini ya kiti chenyewe, isikae mbele wala ubavuni kwa upande wa watu, na kama nafasi ni finyu basi afadhali chombo kilale ndani ya kesi iliyo wazi chini ya kiti kuliko kusimama. Isiegemezwe kwa spika. Ile besi ikianza stendi inatembea, haikurupuki, inasogea kidogo kidogo mpaka inafika ukingoni na hakuna anayeangalia.

Wazazi nao ambao sasa wanawanunulia watoto gitaa dogo na fidla, mnapohesabu bei ya chombo hesabuni na stendi na kesi pamoja, msinunue chombo leo mkasema stendi mwisho wa mwezi. Katikati hapo chombo kinaegemezwa kwa kochi, na kochi lina watu wa kulikalia.

Kwa wenye maduka ombi langu ni moja tu, fungueni boksi. Wekeni stendi mbili tatu nje zimesimama, za gitaa, ya fidla na mandolini, hata moja ya udi mkaichongeshe hapa hapa, na mteja akija na chombo chake mwacheni akiweke, akisukume kwa kidole, akitoe, ndo alipe. Hamtapoteza kitu, mtauza zaidi. Na wenye kumbi za harusi, hatutaki chumba, tuachieni nyuma ya stegi ukuta wa mita moja hivi usio na spika wala njia ya kupitisha sinia za biriani.

Ni mimi,
Mpiga udi, Mji wa Kale,
Mombasa